Dal Iongezwe, Wali Upungue: Maswali Yenu Kuhusu Chakula cha Kihindi cha Nyumbani

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa ndugu zetu walioko India, kuna wanafunzi, kuna walioolewa huko, kuna wanaouguza, nimeyaweka pamoja sababu yanaingiliana. Na nikisema chakula cha Kihindi cha nyumbani naongelea dal (mchuzi wa dengu au choroko), sabzi (mboga za kupika), roti (chapati), wali, dahi (mtindi) na kachumbari, sio ile murgh makhani (kuku wa siagi) ya hotelini inayoogelea kwenye krimu na siagi, ile hata wenyewe hawaipiki kila siku. Haya twende.

Shikamoo anti. Mi nasoma Pune mwaka wa pili, nakaa hosteli na chakula tunalipia mesi kwa mwezi. Kila siku ni wali, chapati, sabzi ya viazi na dal nyepeesi kama maji. Toka nije nimeota kitambi na mchana darasani nasinzia vibaya mno. Mwenzangu mmoja ananiambia niache wali nile chapati tu, mwingine anasema nihamie kwenye mtama na uwele. Nifanyeje na hela zenyewe ni za mawazo? – Msinziaji wa Pune

Marahaba mwanangu. Hebu itazame hiyo sahani yako vizuri: wali wanga, chapati wanga, viazi wanga, na hiyo dal ya maji ndo umeachiwa iwe protini ya siku nzima. Kwa hiyo usingizi wa saa nane mchana haujatoka mbali.

Sa hilo la kuacha wali ule chapati tu, mwambie mwenzako anakuhamisha chumba ndani ya nyumba ileile. Kuna utafiti mkubwa wa nchi nzima unaitwa ICMR-INDIAB, walikuta karibu asilimia 62 ya nguvu anayoipata Mhindi kwenye chakula inatoka kwenye wanga, na wakaona kubadili wali kwa ngano au kwa mtama peke yake hakupunguzi hatari ya kisukari kama jumla ya wanga haijashuka. Kinachosaidia ni kutoa wanga kidogo na mahali pake iingie protini. Na sio kwamba nakutisha, utafiti huohuo mwaka 2023 ulikadiria India ina watu milioni 101 wenye kisukari na wengine milioni 136 walio mlangoni, na wengi wao wanakula kwao tu nyumbani, sio mabaga.

Taasisi ya lishe ya Hyderabad, NIN, ilitoa mwongozo mpya Mei 2024 na kuna sahani ya mfano ya kalori 2,000 kwa siku: nafaka gramu 250, jamii ya kunde au mayai au nyama gramu 85, mboga gramu 400, matunda gramu 100, maziwa au dahi mililita 300, karanga na mbegu gramu 35, mafuta gramu 27. Nafaka na kunde hapo zinapimwa zikiwa kavu. Ukiiangalia hiyo utaona wali na chapati sio adui hata kidogo, gramu 250 za nafaka ni nyingi, shida ni kwamba mesi inakupa nafaka za kutosha watu wawili na mboga za robo mtu.

Kwa hiyo usihame mesi, fanya hivi. Chagua kimoja, wali AU chapati, usichukue vyote. Dal chukua katori (vibakuli) mbili na muombe bhaiya (kaka anayegawa) achote kutoka chini ya sufuria, juu kunabaki maji na chini kule ndo dengu zimelala, hii naisema kama utani ila ni kweli kabisa, uliza aliyewahi kupika kwenye sufuria la watu mia. Dahi usiikose. Afu nunua mwenyewe vitu viwili vitatu vya kukaa chumbani: chana (dengu) za kukaanga zile za maganda, karanga, na choroko. Choroko loweka usiku, asubuhi mwaga maji, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kesho yake zimeota vimkia, zichemshe dakika chache (usile mbichi, vichipukizi vinabeba bakteria kirahisi kwenye joto hilo), kamulia limau, katia kitunguu na nyanya, chumvi kidogo, umemaliza. Kama unaruhusiwa mayai hosteli hapo, mayai mawili ya kuchemsha yanafanya kazi kubwa kuliko poda yoyote ya mazoezi watakayokuuzia jimu.

Na uko Pune bwana, mji wenye usal! Wakipika choroko au matki (aina ya kunde ndogo) zilizoota na mchuzi mwepesi wa nyumbani, hicho ndo chakula chenyewe. Ikigeuka misal ya mtaani, yaani imemwagiwa ule mchuzi mwekundu wa mafuta na farsan (vitafunio vya kukaanga) juu na mkate mweupe pembeni, hapo ni starehe ya Jumapili, sio kifungua kinywa cha kila siku. Poha (mchele uliopondwa bapa) nayo nzuri ila muombe karanga za kutosha, bila karanga ni wanga mtupu uliopakwa manjano.

Cha mwisho, ukimaliza kula cha mchana usikimbilie kitanda. Tembea dakika kumi na tano kuzunguka hosteli, sukari ya damu haipandi sana na utaona hata darasani macho yanakaa wazi.

Dada habari za kazi. Nimeolewa Ahmedabad, tunakaa na wakwe. Mume wangu kapimwa presha, iko juu, daktari kasema apunguze chumvi na mafuta. Tatizo mama mkwe ndo anashika jiko, kila phulka (chapati nyembamba) inapakwa samli, dal inatiwa gur (sukari guru), mezani hakukosi papad (kaki nyembamba za dengu), achar (achari) na farsan. Nikisema neno naonekana nimekuja kubadilisha nyumba ya watu. Nisaidie kabla sijaonekana mkorofi. – Mkwe wa Gujarat

Dada yangu, kwanza usianze na samli. Najua ndo inayoonekana, inang'aa juu ya phulka, lakini ndo kitu mama mkwe anachokipenda na ndo anachompenda nacho mwanae, ukigusa hapo vita imeanza. Na kwa presha hasa, samli sio mshtakiwa namba moja. Chumvi ndo yeye.

Kiwango kinachoshauriwa na WHO ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa kila kitu ulichokula siku hiyo. Sa hesabu: chumvi kwenye dal, kwenye sabzi, kwenye unga wa roti, kwenye chaas (mtindi mwepesi wa kunywa), halafu papad, halafu achar iliyohifadhiwa na chumvi yenyewe, halafu farsan. Na kuna ile isiyoonekana, magadi ya kwenye khaman na gathiya (vitafunio vya unga wa dengu) na papad nayo ni sodiamu, haina ladha ya chumvi ila presha inaiona. Kwa hiyo anza na vya pembeni. Papad na achar na farsan visitoke nyumbani, vitoke tu mbele ya mumeo, na hapo mwenye kusema awe yeye mwenyewe mumeo, sio wewe. "Mama, daktari kanikataza" ikitoka kwa mtoto wake haina ubishi, ikitoka kwako ni kesi.

Chaas mtengenezee yake bila chumvi, weka unga wa jira ya kukaanga na giligilani mbichi na tangawizi kidogo, hatakosa kitu. Ndani ya sabzi ongezeni uchachu: limau, amchur (unga wa embe bichi), kokum (tunda chachu la kukausha), ukwaju. Ulimi ukipata uchachu hauiulizii chumvi sana, na Wagujarati tayari wanajua kupika kwa uchachu, hamleti kitu kigeni. Ila chumvi ya badala, ile ya potasiamu, msiinunue bila kumuuliza daktari, maana kuna dawa za presha haziendi nayo.

Mafuta sasa. Najua nyumba nyingi za huko zinanunua lile debe la kilo 15 la mafuta ya karanga. Nitakupa njia ya kujua mnatumia kiasi gani bila kumchungulia mtu jikoni: siku debe likifunguliwa andika tarehe nyuma yake, basi. Kwa ule mwongozo wa NIN, gramu 27 kwa mtu kwa siku ni kama gramu 800 kwa mwezi, mkiwa wanne ni kilo tatu na kidogo, kwa hiyo debe lingetakiwa kufika miezi minne na nusu hivi, na hapo samli bado haijahesabiwa. Likiisha kwa miezi miwili, mama mkwe mwenyewe ataiona hiyo tarehe, na huyo amekuwa akibana matumizi ya nyumba maisha yake yote, hesabu ya debe itamuingia kuliko hesabu ya kolesteroli.

Samli basi: karibu asilimia 60 ya mafuta yake ni yale mazito ya kuganda, kijiko cha chai kina kalori kama 45. Kijiko kimoja au viwili kwa siku juu ya roti, wakati mboga yenyewe imepikwa kwa mafuta kidogo, hiyo naiacha ipite. Mkipikia samli, mkapakia samli, na halwa ya samli jioni, hapo hapana. Na mkiwa mnanunua farsan au biskuti za dukani soma leba, ikiandikwa vanaspati (samli ya kiwandani ya mafuta ya mimea) rudisha rafuni. Toka Januari 2022 mamlaka ya chakula ya India, FSSAI, imeweka kikomo cha asilimia 2 ya mafuta ya transi kwenye mafuta na samli za viwandani, hali ni nzuri kuliko zamani, ila vanaspati bado ni mafuta ya kuganda na hamna unachokikosa ukiiacha.

Gur kwenye dal muiachie. Kipande kidogo kwenye sufuria la watu wanne sio ugomvi wa kuufanya, kama hamna mwenye kisukari hapo ndani.

Anti mi napenda rajma (maharage mekundu) na chole (dengu kubwa nyeupe) kufa, ila nikila tumbo linajaa gesi mpaka aibu, na nakaa Delhi na wenzangu watatu chumba kimoja. Niache? – Tumbo Ngoma

Pole kwao hao watatu. Usiache, maharage ndo protini ya bei nafuu uliyonayo.

Gesi inatoka kwenye sukari fulani za kwenye jamii ya kunde ambazo utumbo mdogo hauwezi kuzivunja, zinafika zima utumbo mkubwa na bakteria wa kule wanazila na kutoa gesi. Kwa hiyo zipunguze kabla hazijaingia: loweka rajma usiku kucha kwa maji mengi, masaa nane mpaka kumi na mawili, asubuhi mwaga yale maji yote, suuza, weka mapya. Watu wanapika na maji ya kulowekea wakidhani wanaokoa vitamini, kumbe wanaokoa gesi.

Na hapa kuna kitu kikubwa zaidi ya gesi. Rajma mbichi au iliyoiva nusu ina sumu ya asili, unaweza kutapika na kuharisha vibaya kwa punje chache tu. Lazima ichemke kwelikweli, kutokota kabisa, dakika kumi kwenda juu, halafu iendelee mpaka iive. Presha kuka inafanya hiyo kazi vizuri. Vile vyungu vya umeme vya kupika polepole ndo hatari, vinapasha bila kutokota, kwa rajma usivitumie kabla hujaichemsha pembeni. Kipimo changu: chukua punje moja ibonyeze kwa kidole gumba kwenye kiganja, isambaratike yote, ikibaki na kiini kigumu katikati rudisha jikoni.

Halafu tadka, yaani viungo vya kukaanga kwenye mafuta ya moto. Mafuta kijiko kimoja cha mezani, yapate moto, tupia jira, subiri ianze kuruka na kubadilika rangi kuwa ya udongo, hapo tia hing (mvuje), hing yenyewe ni kipunje cha kuokota kwa ncha ya kisu, inatoa povu sekunde mbili tatu na ile harufu kali ya kukirihisha inageuka inakuwa kama kitunguu saumu, ndo unatia tangawizi na kitunguu. Usisubiri hing ikawa nyeusi, inakuwa chungu. Bibi zao huko wamekuwa wakitia hing na jira kwenye kunde kwa ajili ya tumbo vizazi na vizazi na mi siwapingi, ila tangawizi na jira sio kibali cha kuruka kulowekea. Kama una mtu mwenye ugonjwa wa siliaki anayekatazwa ngano, soma boksi, maana hing nyingi ya dukani imechanganywa na unga wa ngano. (Pembeni kidogo: hing ghafi India inaiagiza nje, Afghanistan na Iran na huko Asia ya Kati, wameanza kuipanda wenyewe 2020 bonde la Lahaul, Himachal Pradesh.)

Na anza kidogo kidogo. Wiki hii kula moong dal (choroko) iliyokobolewa, ile ya njano, ni laini kuliko zote, baadae masoor (dengu nyekundu), baadae chole, rajma iwe ya mwisho. Ukitoka kutokula faiba kabisa ukaja kupiga sahani mbili za rajma chawal (maharage na wali) siku moja, hata hing debe zima haitakuokoa.

Hivi haldi doodh inatibu nini hasa? Huku naambiwa mafua, mifupa, mpaka kansa. – Mdadisi, Lucknow

Maziwa ya moto yenye manjano ni kinywaji kizuri cha usiku, yanatuliza koo, na una kikombe cha maziwa tumboni, hiyo faida tosha. Kutibu kansa hapana, na mtu akiacha dawa za hospitali kwa ajili ya haldi anajidhuru.

Kile kiini cha manjano kinachosifiwa, kurkumini, ni kama asilimia 3 tu ya unga wenyewe, na mwili unaipokea kwa shida. Mwaka 1998 kuna majaribio yalionyesha ikienda na kiini cha pilipili manga kiwango kwenye damu kinapanda sana, asilimia 2,000, ndo maana kila mtu anakwambia utie pilipili manga. Sawa tia, ila jua wale walitumia gramu 2 za kurkumini safi, sio robo kijiko cha haldi kwenye kikombe. Kama unameza dawa za kuyeyusha damu, vidonge vya kurkumini usivinywe bila daktari, haldi ya kwenye mboga haina shida.

Ninachokusihi zaidi ni haldi unainunua wapi. Uchunguzi uliochapishwa 2024 ulikuta baadhi ya haldi kutoka Patna, Bihar, ina risasi kupita kiwango cha FSSAI cha mikrogramu 10 kwa gramu, kupita mbali kabisa, sababu kuna wanaopaka mizizi rangi ya njano yenye risasi ing'ae. Ile haldi ya kupima kwa mizani isiyo na leba, ya njano mpaka inaumiza macho, iache. Nunua iliyofungwa yenye namba ya FSSAI.

Dada, niko Bengaluru, nyumba niliyopanga ni ya mama asiyeruhusu nyama wala mayai jikoni kwake, nami nimeamua kula kama yeye. Miezi inakwenda nachoka, kucha zinakatika, nimepimwa damu iko 10. Nakula spinachi kila siku! Nakosea wapi? Na chai siachi, nakwambia kabisa. – Mama Chai

Kumi ya himoglobini ni chini, kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka 12 kwenda juu, na wala hauko peke yako, takwimu za afya za India za 2019 mpaka 2021 zilikuta asilimia 57 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu. Kwa hiyo la kwanza vidonge vya madini ya chuma alivyokuandikia daktari umeze, kutoka kumi hutapanda haraka kwa mboga tu. Na kama hedhi yako ni nzito mwambie, inawezekana chakula hakina kosa.

Spinachi ina jina kubwa kuliko kazi yake. Chuma ipo ila ndani kuna oksaleti na vitu vingine vinavyoishikilia, mwili unapata kidogo. Chuma ya mimea yote iko hivyo, inataka kusindikizwa na vitamini C palepale kwenye mlo, sio baadae. Kamulia limau kwenye dal ukishaitoa jikoni, sio ikiwa inachemka. Kula pera baada ya chakula. Msimu wa amla (tunda chachu la kijani) ukifika, kipande kidogo na chumvi punje, ina vitamini C kuliko machungwa mbali sana. Kachumbari ya nyanya na kabichi mbichi, kosambari, ile saladi ya Karnataka ya moong dal iliyolowekwa na tango na nazi na limau, hiyo imekaa vizuri mno kwa shida yako, na hapo kwa mama mwenye nyumba najua inapikwa.

Chai sasa, Mama Chai. Siikatazi. Ila unainywa saa ngapi? Kama ni na dosa (chapati nyembamba ya unga uliochachushwa) asubuhi na baada ya chakula cha mchana, ile tanini inafunga chuma yote uliyohangaika kuitafuta. Mwongozo wa 2024 wa NIN unasema uache saa nzima kabla na saa nzima baada ya mlo. Kunywa saa nne na saa kumi, kikombe kilekile, maziwa yaleyale, umeshafanya nusu ya kazi. Na vidonge vyako usivimezee chai jamani, wala maziwa.

Pika kwenye kadhai (karai) ya chuma vitu vichachu kama sambar (mchuzi mchachu wa dal na mboga) au mchuzi wa nyanya, chuma kidogo inaingia kwenye chakula, usiache tu mboga ilale humo usiku. Ragi (ulezi) kula, mudde (ugali wake) au dosa au uji, ina kalsiamu kama miligramu 340 kwa gramu 100 za unga, nafaka nyingine haziifikii, ila kwa damu usiitegemee yenyewe peke yake.

Kuna jambo moja hukuuliza. Hamli mayai wala nyama, basi muombe daktari apime vitamini B12 pia. Hiyo kwenye mimea haipo, sio kwenye spinachi, sio kwenye dal, utaipata kwenye maziwa, dahi na paneer (jibini), na kama vyote hivyo unakula kwa kijiko basi utahitaji vidonge. Ikipungua unachoka vilevile, vidole vinakufa ganzi, kumbukumbu inapotea, na watu wanaendelea kumeza chuma tu wakati tatizo ni lingine.

Habari dada. Nimemleta baba Chennai kwa operesheni, tumepanga chumba karibu na hospitali, kuna jiko la plate moja na sufuria mbili. Chakula cha hoteli za hapa kinamuwasha, hali. Nimpikie nini cha kihuku ambacho ni chepesi? – Anayeuguza

Pole sana na baba apate nafuu. Kabla ya yote muulize mtu wa lishe wa hospitali, wanaye, mwambie akuandikie baba asile nini. Hasa kama ni figo. Kwa mgonjwa wa figo hata vitu vizuri vinabadilika, dal nyingi, nyanya, ndizi, na yale madafu wanayouza karibu na hospitali, dafu lina potasiamu nyingi na kila jirani wodini atakushauri umpe baba. Kama ni figo usimpe mpaka daktari aruhusu.

Kama hana masharti, chakula chako ni khichdi. Kikombe nusu cha mchele, kikombe nusu cha moong dal ya njano, osha mpaka maji yaache kuwa ya maziwa, maji vikombe vinne, manjano ncha ya kijiko, chumvi kidogo, funika pika moto mdogo kwa dakika kama thelathini na tano ukikoroga, ongeza maji ya moto ikikauka, inatakiwa imwagike kutoka kwenye upawa, isisimame. Weka karoti au mumunye vipande vidogo katikati ya safari. Sufuria ya pili, kijiko cha chai cha samli, jira, tangawizi ya kusaga, mimina juu. Pilipili hamna. Wali na dengu vikiwa pamoja protini inakamilika vizuri, kila kimoja kinajazia kilichopungua kwa mwenzie, na tumbo lililotoka kwenye dawa za usingizi linaipokea.

Idli (vikeki vya mvuke vya mchele na dengu) pia. Hapo Chennai unga wake uliokwisha chachushwa unauzwa tayari kwenye mifuko madukani, huna haja ya kuloweka wala kusaga, unachohitaji ni vile visahani vyake vinavyoingia kwenye sufuria, mvuke dakika kumi hivi. Haina mafuta, laini, ndo maana wagonjwa wanapewa. Mpe na sambar nyepesi yenye dal, sio na chutney ya nazi tu, maana idli nne zenyewe ni wanga mwingi. Mchana wali uliopondwa na dahi wenye joto la kawaida, jioni rasam (supu nyepesi ya ukwaju na viungo), mwambie muuzaji au mwenye nyumba akuonyeshe ila pilipili ipungue nusu na zaidi.

Pika kidogo kidogo, kila mlo wake. Joto la Chennai na wali uliokaa nje toka asubuhi haviendi, kuna bakteria wa wali anayetoa sumu ambayo hata ukipasha moto haifi, na mgonjwa ambaye kinga imeshuka hiyo inamlaza tena. Hamna friji, basi kilichobaki kula wewe palepale au kitupe.

Na wewe kula. Wanaouguza wote wanaoniandikia wanaishi kwa chai na biskuti.

Fupi fupi

*Sendha namak (chumvi ya mawe) ni nzuri kwa presha?* Hapana, ni chumvi, sodiamu yake ni karibu ileile, na mara nyingi haina ayodini. India wanalazimisha chumvi ya kula ya kawaida iwe na ayodini sababu ya goita, kwa hiyo sendha iwe ya siku za vrat (kufunga), ile ya kila siku iwe ya ayodini.

*Mafuta ya kukaangia puri (chapati ndogo za kuumuka kwenye mafuta) nirudie mara ngapi?* Nyumbani yachuje, yatumie mara moja nyingine kwa tadka ndani ya siku mbili, basi. FSSAI toka Julai 2018 imewawekea hata wenye migahawa kikomo cha mafuta yaliyochoka, yakishafika asilimia 25 ya zile kemikali za kuharibika yanamwagwa. Yakiwa meusi, yakitoa povu, au moshi unakuja mapema, usisubiri kipimo.

*Maji ya jira asubuhi yanakata kitambi?* Yanakata kiu. Kama yanakufanya usinywe chai ya sukari vijiko vitatu, endelea nayo.

*Kunywa lassi (mtindi wa kunywa) kila siku?* Ile tamu ni soda yenye maziwa, mara moja moja. Chaas kunywa hata kila mchana, bila chumvi kama una presha, rudi juu kwa Mkwe wa Gujarat nimeeleza.